Siku ya kwanza mbele ya mwanasaikolojia



Swali linalorudi mara nyingi katika mikutano ya vikundi vyenu ni hili: je, mkristu anaweza kumwendea mwanasaikolojia, na akimwendea atakuta nini huko? Nusu ya kwanza naijibu upesi, kwa sababu Kanisa lilikwisha kuijibu zamani. Mnamo Aprili 1953 Papa Pius XII aliwapokea matabibu wa nafsi waliokuwa katika mkutano wao wa kimataifa, akanena nao kwa heshima juu ya kazi yao, huku akiwaonyesha mipaka yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwataka wachungaji watumie pia maarifa ya saikolojia. Naye Papa Fransisko alimsimulia mwandishi Mfaransa Dominique Wolton, katika kitabu kilichotoka 2017, kwamba alipokuwa na umri wa miaka 42 alikwenda kwa tabibu wa nafsi, mama Myahudi, mara moja kila juma kwa muda wa miezi 6, ili kuyaweka wazi mambo fulani ya maisha yake. Wakati huo alikuwa padri kwa miaka mingi. Basi anayesema kwamba mwenye imani hana haja ya msaada wa namna hiyo, na aanze kwa kumsahihisha Papa huyo.

Nusu ya pili ndiyo yenye uzito. Vijana wengi wanaojaribu msaada huu huenda siku moja, kisha hawarudi tena. Wakiulizwa sababu, hujibu: “Aliniuliza maswali tu, hakunifanyia kitu.” Maoni yangu ni kwamba wengi wao hawakushindwa na tiba, walikwenda wakingojea kitu kingine, na hakuna aliyewaambia mapema ni nini watakachokuta. Ndiyo maana naandika.

Mzigo wenyewe mnaujua kuliko mimi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni na vijiji vyake hayajaacha kuingia katika nyumba zetu, kwa maana ni nani kati yetu asiye na ndugu wa upande ule? Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 tulikuwa na Ebola, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 2,200 katika nchi yetu hii, sehemu kubwa yao huku Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Halafu, mwishoni mwa Juni 2024, vita vikafika Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, na barabara ya kwenda Lubero ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Kijana aliyezaliwa mwaka 2004 hana kumbukumbu ya miaka mitatu mfululizo ya amani. Akikosa usingizi, akishtuka mlango unapogongwa, akimpiga mdogo wake bila kujua kwa nini, watu humwambia: “Una mawazo.” Neno hilo si baya. Huko Zimbabwe Washona nao husema *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na kutoka katika neno hilo daktari Dixon Chibanda alianzisha huko Harare, mwaka 2006, kazi ya mabibi wazee waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsikiliza mtu kwa utaratibu. Alianza na mabibi, si na wasomi, kwa kuwa wasomi wa fani hiyo walikuwa wachache sana. Nasi hatuna wengi. Wengi mtakaowakuta katika vituo vya afya ni wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wale tunaowaita kwa kifupi APS; wanasaikolojia wenye shahada ni wachache, na baadhi yao, hasa Butembo na Goma, hupokea watu kwa malipo katika ofisi zao wenyewe.

Sasa, kijana huenda akingojea nini? Wa kwanza hungojea mgao. Miaka mingi ya mashirika ya msaada imetufundisha kwamba anayeandika jina lako atakupa baadaye ndoo, sabuni au turubai. Simlaumu mtu kwa hilo. Njaa ni kweli. Lakini anayekwenda kusimulia majonzi yake ili apate turubai atasimulia yale anayodhani yanalipa, na tiba haitaweza kumshika. Wa pili hungojea unabii: aambiwe ni nani aliyemfunga, shangazi au jirani. Wa tatu hungojea kidonge. Wa nne, naye ndiye wa kawaida kabisa kati ya wakristu wema, hungojea mashauri, kama yale ya mjomba mwenye busara: fanya hivi, acha vile. Wote wanne wataona siku ya kwanza kuwa ndogo.

Siku hiyo ya kwanza ni ya kuulizwa. Utakaribishwa ukae, na yule mtu atakueleza yeye ni nani na kazi yake ni ipi. Kwa kawaida mazungumzo hayazidi saa moja. Atauliza kilichokuleta, tangu lini, usingizi ukoje, unakula vipi, unakunywa pombe au kuvuta bangi, unaishi na nani, kazi au masomo yanakwendaje. Atauliza pia, bila kuzungukazunguka, kama umewahi kutamani kufa. Msishtuke kwa swali hilo wala msilione kuwa ni laana. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo; humpa nafasi ya kulitua. Mwenye kulibeba na alijibu kwa ukweli.

Hutalazimishwa kusimulia yote. Hili ningependa lieleweke hasa kwa wasichana. Mtaalamu anayejua kazi yake hamvui mtu hadithi yake kwa nguvu siku ya kwanza. Anaweza hata kukuzuia ukianza kumwaga yote kwa pupa, kwa sababu atakayebaki na usiku wa siku hiyo ni wewe. Unaweza kuomba upokewe na mwanamke. Unaweza kusema, “Hilo nitalisema siku nyingine.” Na kama ubakaji ni wa juzi au jana, njia ya kwanza ni hospitali, kabla ya mazungumzo yoyote: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mazungumzo yatangoja. Dawa hiyo haingoji.

Kuna ukimya pia. Sisi tumelelewa kuona aibu mtu mzima akinyamaza mbele yetu. Huwa twaharakisha kuujaza ukimya kwa salamu na shukrani. Huko ukimya ni sehemu ya kazi. Tena mtamwita “mama” au “yaya”, maana ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna ubaya. Lakini hatakuja kwenye matanga ya kwenu kama ndugu, hatakukopesha fedha, hatakupa dada yake umwoe. Umbali huo huonekana kama ubaridi. Ndio unaokuwezesha kumwambia usichoweza kumwambia yaya wa kweli, kwa kuwa yaya wa kweli anamjua baba yako.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa makala hii. Mapadri huwajua watu wanaorudi kwenye kitubio na dhambi ileile, mwaka baada ya mwaka, wakiwa wamekwisha kuondolewa mara nyingi, na bado mzigo haushuki. Wakati mwingine sababu ni kwamba si dhambi. Tuseme kijana alikimbia risasi usiku, akamwacha bibi yake asiyeweza kutembea. Tuseme binti alimpeleka mama yake katika kituo cha tiba ya Ebola, mama akafa huko, akazikwa na watu waliovaa mavazi meupe, bila kuoshwa, bila kuguswa. Huyu wa kwanza hujiambia, “Nimemwua bibi.” Wa pili hujiambia, “Nimemtupa mama.” Wanaungama, nao wanapokea maondoleo kwa imani. Lakini sakramenti huondoa dhambi, nao wanacho kitu kinachovaa nguo za dhambi bila kuwa dhambi: ni jeraha linalosema kwa sauti ya hakimu.

Hapo ndipo tiba ya mazungumzo ina kazi yake ya pekee. Mtaalamu hatakuambia, “Si kosa lako,” kisha basi. Maneno hayo umekwisha kuyasikia kutoka kwa majirani na hayakuingia. Atakutaka ulishike lile wazo lenyewe, ulitamke, mlichunguze pamoja kama watu wanaochunguza noti iliyochakaa. Usiku ule ulijua nini? Uliona nini kwa macho yako, na ni nini ulichokuja kukijua kesho yake? Nguvu ulizokuwa nazo zilikuwa zipi? Nani alikuwa na bunduki? Kama rafiki yako angekuwa mahali pako, ungemhukumu hivyo? Maswali hayo hurudi juma baada ya juma, na katikati unapewa kazi ya kufanya nyumbani. Polepole hukumu hupoteza meno yake. Huzuni hubaki, kwa kuwa bibi amekufa kweli, ila mtu huanza kulia kama mfiwa, baada ya miaka ya kujificha kama mshitakiwa.

Wenye shaka husema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Nawajibu kwa kilichofanyika hapahapa Kivu. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Marekani, *New England Journal of Medicine*, lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya mashariki ya Kongo pamoja na wanawake 405 waliopatwa na ukatili wa kijinsia au kuushuhudia. Katika vijiji 7 wanawake walipata tiba ya namna niliyoieleza: kikao 1 cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi. Katika vijiji vingine 8 walipata msaada wa kawaida wa kusikilizwa na kufarijiwa mmoja mmoja. Walioongoza vikao walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa huku kwetu, na kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, kazi ya nyumbani ilitengenezwa upya iwe ya kukumbuka kichwani. Miezi 6 baada ya tiba kwisha, waliobaki na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa 9 katika kila 100 kwa upande wa tiba, na 42 katika kila 100 kwa upande wa pili. Hata wale wa upande wa pili walikuwa wamepata nafuu kiasi. Kusikilizwa kunasaidia, kusikilizwa kwa utaratibu, kwa majuma kadhaa, kwasaidia zaidi. Vita navyo havikuwa vimekwisha.

Hesabuni vikao hivyo: 12. Hakuna aliyepona siku ya kwanza. Tena katikati kuna siku za mteremko. Baada ya kikao cha pili au cha tatu wengi hujisikia vibaya kuliko walivyoanza, ndoto hurudi, na mama nyumbani husema, “Yule mtu anakuharibu.” Mara nyingi ni kama kidonda kinachosafishwa: huuma zaidi kuliko kilichofunikwa. Mwambieni mtaalamu wenyewe, msikimbie kimyakimya. Mkiona baada ya vikao vinne au vitano hakuna kinachosogea, mwambieni hilo pia. Anayejua kazi yake hatakasirika. Atabadili njia au atakuelekeza kwa mwingine.

Kuhusu siri, ulizeni siku ya kwanza, kwa maneno wazi: “Nitakayosema yataishia wapi?” Siri ya kitubio haina mlango, padri hawezi kuifungua kwa sababu yoyote. Siri ya mwanasaikolojia ni nzito, lakini ina milango michache: kama unakaribia kujiua, kama utamwua mtu, kama mtoto anateswa. Anapaswa kukuambia milango hiyo kabla hujaanza kusema. Ulizeni pia anaandika nini katika daftari lake na analiweka wapi. Katika nchi iliyo kama yetu leo, hilo si swali la mtu mwenye hofu za bure. Tena shikeni neno hili: ili akutibu, mtaalamu hahitaji jina la aliyekutesa, wala jina la kikundi chake, wala mahali anapokaa. Akiyadai mara kwa mara, ana shughuli nyingine. Nyamaza, uondoke. Anayetaka kufuata haki mahakamani ana njia yake, pamoja na wakili, na njia hiyo haichanganywi na tiba.

Nyumbani nako kuna swali la siri. Wazee wetu huona kwamba mgonjwa ni wa ukoo, na habari zake ni za ukoo. Kijana aliye chini ya miaka 18 atahitaji kibali cha mzazi au mlezi, na ni vizuri mzazi aonane na mtaalamu mara moja. Lakini baba akiridhika kujua kwamba mwanawe anakwenda, na kwamba anaendelea vizuri, inatosha. Wazazi mnaosoma ukurasa huu juu ya bega la watoto wenu, msiwahoji wanaporudi.

Fedha zitajwe mwanzoni. Katika vituo vingi vinavyosaidiwa na mashirika, APS hatozi kitu. Ulizeni kwanza huko, na katika hospitali, kabla ya kuuza mbuzi. Anayepokea watu kwa malipo anapaswa kutaja bei ya kila kikao, idadi ya vikao anavyokisia, na itakuwaje usipofika kwa sababu barabara imefungwa. Wengine hukubali kuongea kwa simu, jambo linalofaa kwa aliye Kayna na mtaalamu akiwa Butembo. Tafuteni basi mahali ambapo hakuna anayewasikiliza, hata kama ni katikati ya shamba la maharagwe. Anayedai malipo ya miezi mitatu kwa mkupuo kabla hajakusikiliza, mwacheni.

Siku hizi kuna pia makocha. Kocha mwema anaweza kumsaidia kijana apange masomo yake, ajitayarishe kwa mahojiano ya kazi, aanze biashara ndogo bila kula mtaji. Kazi hiyo ni halali na ina manufaa. Ila mtu yeyote anaweza kujiita kocha leo jioni, na anayelala akiziona maiti hahitaji kufundishwa kujiamini. Kocha mwenye akili hulitambua hilo kwa nusu saa, akakuelekeza kwingine. Juu ya vyumba vya maombi nitasema machache. Sala ni yetu sote, na hakuna mwanasaikolojia wa haki atakayekukataza kusali. Lakini mahali ambapo kijana anafungwa kamba, ananyimwa chakula kwa siku nyingi, au anaambiwa kwamba bibi yake ni mchawi, hapo mgonjwa mmoja amefanywa kuwa wawili: yule aliyekuja, na yule bibi.

Yako mambo yasiyongoja kikao. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeanguka kifafa, aliyeacha kula na kusema, aliyekwisha kutayarisha kamba au sumu: huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, naye asiachwe peke yake njiani wala usiku. Huko kuna daktari na dawa, na dawa zikitolewa zinywewe hadi daktari aseme. Ndugu wa Upendo wana kituo cha wagonjwa wa akili Goma, Tulizo Letu, na kingine Bukavu, SOSAME. Watu wamerudi kutoka huko wakalima na kuoa na kuimba katika kwaya.

Kwa viongozi wa vikundi nina ombi moja la vitendo. Mara nyingi APS anayekuja parokiani hupewa kona ya ukumbi, karibu na dirisha, watoto wakichungulia, na aliye ndani akionekana na wote wanaotoka Misani. Wavulana hasa hawatakuja hapo, kwa sababu katika kichwa cha mtaa wetu mahali pale ni pa wanawake waliobakwa na pa wenye wazimu, nao hawataki kuhesabiwa upande wowote. Zungumzeni na Padri Paroko apatikane chumba chenye mlango, upande wa shule au wa ofisi ya Karitas, mahali ambapo mtu anaweza kuingia kwa sababu kumi tofauti. Benchi mbili zinatosha, na pazia. Kama paa linavuja, vijana wa kikundi wanaweza kuliziba Jumamosi moja.